Nyota Iitwayo Binamu

Mkurugenzi wa jumba la nyota aliyachukua maneno ya mwanamke aliyekuwa akipiga deki humo, akayachapa kitabu, akaweka picha yake mwenyewe kwenye jalada, kisha akamrudisha yule mwanamke kwenye ndoo. Hilo ndilo kosa, na linasemwa hapa mwanzoni ili asitokee mtu akafika katikati akauliza huyu mama ananung'unikia nini. Kitabu kina kurasa arobaini na nane. Ukurasa wa kwanza, anapomshukuru mkewe kwa uvumilivu, ni wa Mkurugenzi kweli. Arobaini na saba zilizobaki alizikuta kinywani mwa mtu.

Mtu huyo wageni walimwita Mama Povu.

Jumba lenyewe si kubwa. Ni chumba cha duara chenye viti themanini vinavyolala nyuma kama viti vya kinyozi, na juu yake kuba la mabati lililopakwa rangi nyeupe kwa ndani. Katikati inasimama mashine nyeusi ya mviringo, yenye vitundu mwili mzima kama chujio la chai. Taa ikiwashwa ndani yake na mlango ukifungwa, kila kitundu kinatupa nukta ya mwanga juu ya kuba, na saa nne ya asubuhi, jua likichoma nje, watu themanini wanajikuta chini ya anga la usiku. Fundi wa mashine akizungusha gurudumu, nyota zinachomoza upande huu na kuzama upande ule, usiku mzima kwa dakika ishirini.

Mama Povu alianza kazi pale akiwa na ndoo mbili, fagio la mpini mrefu na darasa la tatu. Darasa la nne lilimpita kwa sababu baba alifariki na ada ikatosha mtoto mmoja, na mtoto huyo akawa kaka, kwa kuwa kaka ni kaka. Kaka alisoma mpaka akavaa miwani, na mpaka leo ukimwambia Jua ni nyota anakutazama kama umemwomba nauli.

Siku hizo alikuwepo msimulizi wa kuajiriwa, mzee mpole aliyesoma vitabu vingi na kuvipenda kuliko watu. Alisimulia mara tatu kwa siku kwa sauti ya bomba linalovuja. Akisema ulimwengu una umri wa miaka bilioni kumi na tatu na milioni mia nane, alisema kama anayetaja namba ya kiti. Viti vile vya kulala na giza lile vilimaliza kazi. Ikifika kwenye galaksi, nusu ya ukumbi ilikuwa inakoroma.

Mama Povu hakukoroma, kwa sababu alikuwa amesimama. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma na ndoo, kungoja taa ziwashwe, apitie sakafu kabla kundi jingine halijaingia. Alisikia somo lile mara tatu kwa siku kwa miaka kumi na moja. Jiwe likidondokewa na maji muda huo huingia shimo, sembuse kichwa cha mtu.

Na ni yeye aliyekuwa mlangoni watu walipotoka wakipikicha macho. Wakauliza choo kiko wapi. Akawaelekeza. Halafu, kwa aibu kidogo, wakauliza lile la pili.

"Mama, samahani, yule mzee alikuwa anasema nini?"

Hapo ndipo alipoanza. Alichukua kilichokuwa karibu. Siku ya kwanza kilikuwa chungwa la chakula chake cha mchana. Akaliweka sakafuni, chini ya mashine, akahesabu hatua kumi, akainama, akaweka chembe moja ya chumvi.

"Chungwa ndilo Jua. Chumvi ndiyo Dunia. Mimi na wewe na bahari zote na wakwe zetu wote tumo kwenye hiyo chumvi."

"Na nyota nyingine?"

"Nyota nyingine ni machungwa mengine. La karibu kabisa, panda basi hapo stendi, usiku na mchana, siku mbili na nusu, ndipo ulikute. Njiani hapo katikati hakuna mgahawa, hakuna kituo, hakuna chungwa."

Watu walisimama wakatazama ile chembe kwa muda. Mmoja akauliza kama anaweza kuondoka nayo nyumbani.

Mambo yakaongezeka. Mtu akiuliza rangi za nyota, Mama Povu alimpeleka mpaka kwenye bomba za chooni, nyekundu ya maji moto na ya buluu ya maji baridi, akamwambia fundi bomba alitudanganya sote. Moto hauendi hivyo. Mkaa ukiwa mwekundu bado unaukokota kwa koleo. Tazama chuma kwa mchomeleaji, kinaanza chekundu, kinageuka njano, kinageuka cheupe, na kule kwenye ncha ambako huwezi hata kutazama ni buluu. Nyota nyekundu imepoa. Ya buluu ndiyo itakayokuunguza.

Mtu akiuliza idadi ya nyota katika galaksi yetu, alisema wataalamu wenyewe wanabishana, wengine bilioni mia moja, wengine mia nne, sasa tuchukue mia mbili tusigombane. Kila nyota ifanye punje ya mchele. Utahitaji magunia elfu arobaini, yale ya kilo mia. Hiyo ni galaksi moja. Na galaksi nazo ziko nyingi kama hizo punje.

Ndoo ndiyo iliyompa jina. Aliuliza mgeni mmoja, mwalimu, hizo galaksi zimepangwaje huko juu, zimetapakaa tu kama mtu amemwaga? Mama Povu akatia mkono ndani ya ndoo, akakoroga sabuni, akainua povu kwenye kiganja.

"Angalia mapovu haya yalivyoshikana. Ndani ya kila povu mna nini?"

"Hamna kitu."

"Sasa galaksi hazikai ndani. Zinakaa kwenye kuta, pale povu linapogusana na mwenzake. Ndani ni uwazi mtupu, uwazi ambao mwanga unaukatiza kwa miaka milioni kadhaa wa kadhaa na haukutani na mtu."

Mwalimu yule alirudi wiki iliyofuata na wanafunzi wa madarasa mawili mazima, akauliza mlangoni, yuko wapi yule mama wa povu.

Msimulizi mzee akastaafu. Mkurugenzi, ambaye alihamishiwa pale kutoka idara ya maegesho ya magari na ambaye kabla ya hapo nyota alizijua za hoteli, alimwita Mama Povu ofisini.

"Mama, shikilia kidogo hapo mbele, wakati tunatafuta mtu."

Kidogo hicho kilikuwa miaka miwili na miezi minne. Alikaa kwenye kiti cha msimulizi, kile chenye kipaza sauti na taa ndogo nyekundu, na hakuna aliyekoroma. Asubuhi alipiga deki, akavua aproni, akasimulia, akavaa aproni, akapiga deki. Wageni wakaongezeka mpaka ikabidi waongeze onyesho la saa tisa.

Kila Jumanne Mkurugenzi alikuja kukaa kiti cha nyuma, simu yake mapajani, ikirekodi. Mama Povu alifikiri bosi anaona fahari. Kwa ajili ya Jumanne alikuwa na kitambaa maalumu cha kichwa, cha kijani, na alikipiga pasi Jumatatu. Mtu hukumbuka mambo ya ajabu akishaibiwa. Yeye hukumbuka pasi.

Sasa habari ya Binamu.

Juu ya mlango wa kutokea, upande wa mashariki wa kuba, skrubu moja ya bati ililegea ikaanguka. Likabaki tundu dogo, kiasi cha mdomo wa kalamu. Mama Povu aliligundua kwa sababu ya kiti cha safu ya tatu kilichokuwa kikilowa kila mvua ikinyesha. Alipanda ngazi ya nje, akaliziba kwa kipande cha sabuni ya mche. Jua likiwaka alikuwa akikichomoa, kwa sababu alilipenda lile tundu. Giza likifungwa ndani, mwanga wa nje ulipenya hapo ukawa nukta, na nukta hiyo ilikuwa nyota kama nyota nyingine. Tofauti ni moja tu: Fundi akizungusha gurudumu, nyota zote zilisafiri, hiyo ikabaki pale pale.

Akaifanya kuwa chemsha bongo ya kufungia somo.

"Mwenye macho aniambie ni ipi isiyokwenda na wenzake."

Watoto waliipata kabla ya wazazi.

"Hiyo inaitwa Binamu. Imekuja bila kualikwa, haijui ratiba ya nyumba, na haiondoki."

Watu walicheka. Kisha akawaambia siri yake, na siri hiyo ndiyo iliyokuwa somo lenyewe. Lakini ikitajwa sasa hivi itaharibu yanayokuja.

Lililomuudhi baadaye ni hili: Mkurugenzi alikuwa na tabia ya kuondoka kabla ya mwisho, awahi gari lake lisifungiwe na magari ya wageni. Mtu wa maegesho hubaki mtu wa maegesho. Alirekodi kicheko. Siri hakuirekodi.

Siku kitabu kilipotoka, Mama Povu hakuambiwa. Alikuta maboksi kwenye korido na kuambiwa ayapange. Siku hiyo hiyo akaambiwa mtu wa kusimulia amepatikana: kijana mmoja, mdogo wake mke wa Mkurugenzi, mwenye suti na sauti nzuri, ambaye jumba zima, mpaka mlinzi, lilimwita Shemeji. Shemeji angesoma kitabu kwenye kipaza sauti. Mama Povu arudi kwenye kazi yake.

"Kwani nilikuwa kwenye kazi ya nani?" aliuliza.

"Mama, tusikwamishane," Mkurugenzi alisema, na akatazama simu.

Alichukua nakala moja akaenda nayo nyumbani. Kusoma anaweza, lakini kwa mwendo wa mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, basi akampa bintiye amsomee. Binti ni mshonaji. Chumba cha mbele kina cherehani mbili, meza ya kukatia na vitambaa vya watu mpaka kwenye kochi. Alikiegemeza kitabu kwenye cherehani, akasoma huku anatia mpira kwenye kiuno cha sketi.

"'Chukua chungwa. Hesabu hatua kumi.' Mama, si chungwa lako hili?"

"Endelea."

"'Fundi bomba alitudanganya sote.' Haa. Mpaka fundi bomba."

"Endelea, mwanangu."

"'Chukua mpira wa kiuno, ushonee vifungo, kisha uvute. Kila kifungo kinamkimbia mwenzake, na ukiwa kifungo chochote utadhani wewe ndiye unayekimbiwa na wote. Hivyo ndivyo ulimwengu unavyotanuka.'" Binti aliacha kushona. "Mama, mpira huu uliukata hapa. Kwenye mita yangu. Tuligombana."

"Tuligombana, ndiyo."

Mama Povu alikuwa ameinamisha kichwa. Machozi yalikuwa yamefika mahali pa kuamua, yatoke au yarudi. Ndipo binti akafungua ukurasa wa mwisho.

"'Katika anga la mashariki, juu ya mlango wa kutokea, ipo nyota iitwayo Binamu. Wataalamu wameshangazwa na nyota hii, kwani haisogei.'" Akainua macho. "Hii ni nyota gani? Hii hujawahi kuniambia."

Mama Povu alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza ya kukatia, mpaka jirani akagonga ukuta, mpaka binti akaenda kumletea maji akidhani presha imepanda.

"Mlango wa kutokea," alisema alipopata pumzi. "Ameuweka mlango wetu wa kutokea mbinguni."

Kicheko hakikulipa chochote, lakini kilimnyoosha mgongo. Tangu siku hiyo alijua anachotaka. Si kitabu, karatasi zilishachapwa. Alitaka yule bwana asimame mbele ya watu aseme maneno ni ya nani, na alitaka kile kiti chenye taa nyekundu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Miezi mitatu ilipita. Shemeji alisoma, na watu wakarudia kukoroma, kwa kuwa alisoma hata pale palipoandikwa "tua kidogo". Mvua zilikuwa zimeanza, na sabuni ikabaki tunduni muda wote. Kisha ikatangazwa kwamba Baraza linalosimamia majumba kama lile litatuma wageni watano, akiwemo mtaalamu wa falaki, kuamua kama kitabu kipelekwe shuleni. Nakala walikwishatumiwa.

Siku mbili kabla, walifanya mazoezi. Shemeji alifika ukurasa wa mwisho, akaelekeza kijiti chake chenye taa mashariki, juu ya mlango. Palikuwa peupe kama sahani iliyooshwa.

Mama Povu akaitwa ofisini. Fundi alikuwemo, amesimama karibu na kabati. Fundi na Mama Povu walikuwa watani. Alimwita dada mkubwa, naye alimwita mume wa mashine.

"Mama," Mkurugenzi alisema, "kuna nyota imepotea."

"Nyota hazipotei ovyo, mkubwa. Hufa, lakini huchukua muda."

"Hii imepotea. Ile Binamu. Fundi anasema wewe ndiye unayejua."

Mama Povu alimtazama Fundi. Fundi alikuwa anasoma kalenda.

"Binamu nimemziba kwa sabuni."

Mkurugenzi alijipapasa mifuko kama mtu anayetafuta ufunguo. "Umemziba."

"Ni tundu la skrubu, mkubwa. Kiti cha safu ya tatu kilikuwa kinaoza."

Uso wake ulipita rangi zote za chuma kwa mchomeleaji, isipokuwa hakufika kwenye buluu. Kisha akafunga mlango, akasema kwa sauti ndogo, "Unaweza kulizibua?"

"Naweza. Jua likiwaka."

"Basi lizibue Alhamisi. Tupite salama tu."

"Nitalizibua. Na wewe utasimama mbele ya wageni useme haya maneno umeyatoa wapi."

"Nitasema."

"Utasema nini?"

"Nitasema ni yako, mama. Mwishoni. Nipe nafasi nipite kwanza, nitasema. Fundi si yupo hapa? Ni shahidi."

"Nipo," alisema Fundi.

Alhamisi jua liliwaka. Mama Povu alipanda ngazi ya nje akiwa na kitambaa cha kijani kichwani, akachokonoa sabuni kwa msumari, akashuka. Alisimama nyuma, ukutani, mahali pake pa miaka kumi na moja. Wageni watano wakalala kwenye viti vyao. Mtaalamu wa falaki alikuwa mama wa makamo, nywele fupi zenye mvi, na kitabu chake kilikuwa na alama za kalamu.

Shemeji alisoma. Chungwa, mchele, povu. Akafika ukurasa wa mwisho, akaelekeza kijiti, na Binamu alikuwepo, anang'aa kuliko wote.

"Samahani," alisema yule mtaalamu gizani. "Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita. Binamu siijui. Iko kwenye kundinyota gani?"

Shemeji alifunua ukurasa. Hapakuwa na ukurasa mwingine.

"Mkurugenzi labda atatusaidia," alisema mtaalamu.

Hii ndiyo nafasi ambayo Mkurugenzi alikuwa ameiahidi. Mwishoni, alisema, na hapa ndipo mwishoni. Alisimama. Mama Povu alishika ukingo wa kiti kilichokuwa mbele yake.

"Waheshimiwa, naomba radhi," alisema Mkurugenzi. "Hiyo si nyota. Ni tundu la bati. Tuna mfanyakazi wa usafi, ameliacha wazi kwa uzembe, na limewachanganya vijana wangu. Hatua zitachukuliwa."

Wageni walicheka kidogo, kicheko cha adabu. Shukrani ya punda mateke. Lakini aliyepigwa mateke naye ana miguu.

"Ni nyota," alisema Mama Povu.

Vichwa vitano viligeuka. Gizani hawakuona ila kitambaa.

"Ni nyota, na humu ndani ndiyo nyota peke yake. Hizo nyingine zote mnazoziona ni taa ya Fundi, balbu moja, mimi ndiye ninayepangusa chujio lake. Zimeni balbu, zinakufa zote. Yule pale hafi. Ule ni mwanga wa Jua, na Jua ni nyota kama zile nyingine, ila ndiyo iliyo karibu na sisi. Mwanga mnaouona pale juu ya mlango uliondoka kule dakika nane zilizopita, wakati huyu kaka anasoma habari ya mpira wa kiuno. Nyota nyingine mnazozijua za usiku, mwanga wake uliondoka kabla hamjaoa. Wa galaksi jirani uliondoka kabla watu hawajawa watu, miaka milioni mbili na nusu. Kutazama juu ni kutazama zamani. Ukimwona mtu kwenye ghorofa ya mbali anapiga zulia, fimbo unaiona imeshuka ndipo sauti inafika. Mwanga nao ni hivyo hivyo, nao hutembea, ila miguu yake ni mirefu. Huyo ndiye Binamu. Nilimwita hivyo watu wacheke, kisha niwaambie ni wa kwetu. Mwenye kitabu aliondoka kabla sijafika hapo, aliwahi gari."

Mtu aliyecheka alikuwa mtaalamu, na hakucheka kwa adabu.

"Mkurugenzi," alisema, "ukurasa wa tisa umeandika nyota ya buluu ina joto kuliko nyekundu. Kwa nini?"

"Kwa sababu," alisema Mkurugenzi, "ya umbali."

"Mama?"

"Kwa sababu fundi bomba alitudanganya," alisema Mama Povu, akaeleza habari ya mkaa na chuma.

"Tundu hili limeachwa wazi kwa uzembe," mtaalamu aliendelea, kwa upole kabisa, "na kitabu kilichapwa miezi mitatu iliyopita kikiwa kimeliandika. Kuna mtu hapa alikuwepo wakati maneno haya yanasemwa kwa mara ya kwanza?"

Fundi aliinama kufunga kamba ya kiatu. Fundi huvaa ndala kazini. Siku ile tu alivaa viatu, kwa heshima ya wageni, na kamba ikampa kazi ndefu.

Aliyejibu ni Shemeji. Alisema kwenye kipaza sauti, kwa ile sauti yake nzuri, kwamba yeye hakuwepo, ila alipewa rekodi za Jumanne ili ajifunze matamshi, na sauti iliyo ndani ya rekodi zote ni ya mama huyu. Kisha akainuka kwenye kiti chenye taa nyekundu, akasogea pembeni, akabaki amesimama.

Barua ya Baraza ilikuja baada ya wiki sita. Kitabu kisiende shuleni mpaka jina la mwenye maneno lirekebishwe. Mama Povu asimulie Jumamosi, kwa majaribio. Siku nyingine tano barua haikuzitaja, kwa hiyo siku tano yuko na ndoo. Jumamosi ukumbi unajaa, na baadhi ya wageni wanaingia na machungwa yao. Tundu limewekewa kizibo cha mpira, alikikata binti kwenye mabaki yake, na hawakugombana.

Mkurugenzi bado ni Mkurugenzi. Jumamosi hupitia mlango wa nyuma. Jina kwenye jalada halijarekebishwa. Anasema suala liko kwenye mchakato, na akikutana na Mama Povu koridoni anamwuliza habari za familia.

Shemeji hadaiwi. Alimfuata Mama Povu stoo ya mafagio akaomba radhi akiwa amesimama, bila kutia "lakini", na sasa anamsaidia kusoma, dakika kumi kila mchana, kitabu kile kile. Fundi anadaiwa. Anadaiwa maneno mawili, "nilikuwepo mimi", ayaseme mahali alipoyameza, na mpaka ayaseme utani wao umesimama. Anasalimiwa kwa adabu, kama mgeni.

Mdaiwa mkubwa ni yule mwenye picha. Anadaiwa sentensi moja. Hatakiwi kuiandika wala kuituma kwa mtu. Aiseme ndani ya kuba, mlango ukiwa wazi na taa zote zimewashwa, watu wakiwa wamekaa, na Mama Povu akiwa amekaa pia: kwamba maneno ni ya huyu mama, aliyachukua bila kumwomba, na siku ya wageni, baada ya kumwahidi, alimwita mzembe. Sentensi hiyo haina hata dakika moja. Ni mwezi wa kumi na tisa sasa, na hajaisema.